Dinamo Iliyokufa Mara Mbili

Volti aliinusa riziki kabla hajaiona. Mwisho wa gati la boti za starehe, mwanamke mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa alikuwa anaitukana injini, na dada zake watatu wanamsaidia kutukana. Kila akizungusha ufunguo, boti inajibu "tik" na kunyamaza.

Volti akapandisha zipu ya ovaroli mpaka kidevuni, maana ufundi huanzia kwenye zipu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe fundi au mtazamaji? Watazamaji tunao."

"Fundi wa umeme wa boti. Wananiita Volti."

"Jina ulipewa au ulijipa?" akauliza dada mdogo.

"Nilipewa na kazi zangu, mama mdogo."

Kazi zenyewe tuzitaje, tusimdhulumu mtu sifa zake. Volti alikuwa anaifungua dinamo ya mtu, ile mashine ya kuchajia betri, isiyo na ubovu wowote, anaipeleka nyuma ya ukuta, anaipuliza rangi ya fedha, kisha anamuuzia mwenyewe kama mpya. Hakuwahi kuuza dinamo mbovu. Kwa hilo alijiona mwaminifu.

Mwenye sauti aliitwa Mama Maturubai, kwa biashara yake ya kukodisha viti na maturubai. Boti aliachiwa na marehemu mumewe. Volti akainama chini ya sakafu na ugonjwa ukamchekea hapo hapo: nati ya waya wa betri imelegea, imeota ukoko wa kijani. Fundi wa kweli angeukwangua, akakaza, akapewa chai, akaenda zake.

Volti alitazama juu. Akaona kochi, friji, sinki ya kung'aa. Akamkumbuka Mwenye Majumba, tajiri wa mjini aliyemwambia, "Niletee boti nzuri, nikupe fremu ya duka barabara kuu." Fremu! Kulala kitandani kama watu, si ndani ya pikapu yake kuukuu, ambayo ndiyo ilikuwa nyumba, stoo na mali yake yote duniani. Ya nini kuiba dinamo, na boti nzima ipo?

Akaukanyaga ule waya kwa kisigino. "Washa!"

Injini ikanguruma, taa zikawaka. Dada wakapiga vigelegele.

"Msishangilie maiti," Volti akasema kwa huzuni. Na kwa kuwa hajawahi kupata watazamaji wengi namna hiyo, akanogesha: injini ikiwa bado inanguruma, akaizima swichi kubwa ya betri. Taa zikang'aa kama za harusi, mbili zikapasuka, zilizobaki zikafifia. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani. Injini ya dizeli, isiyojali mambo ya umeme, ikaendelea kukoroma.

"Mmeona? Dinamo imekata roho. Na ikifa, sumu yake huingia kwenye nyaya zote. Mama, hapa umebaki na sinki inayoelea. Labda nikuondolee mzigo, niichukue kwa bei ya chuma chakavu."

Lakini kuna jambo Volti hakulijua. Dinamo inapochaji, umeme wake lazima upate pa kwenda. Ukiukatia njia ghafla, unarudi nyumbani na hasira na kuunguza kila kitu. Dakika moja kabla dinamo ilikuwa nzima. Sasa ilikuwa imekufa kweli.

Mama Maturubai alinusa hewa. Akamtazama Volti, akaitazama pikapu iliyoegeshwa kule juu.

"Na kagari kale ni kako?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo maisha yangu."

"Mimi kila shughuli nakodi gari la kubebea viti. Nipe kagari, chukua maiti yako."

Volti akatoa machozi, na yalikuwa machozi mazuri. "Mama, unaniua."

"Basi acha."

"Nimekubali!"

Wakaandikiana pale pale, mlinzi wa gati na dada wote wakiwa mashahidi.

Walipoondoka, Volti akakwangua ukoko, akakaza nati, injini ikaitika mara moja. Hakupima kama inachaji. Mita yake ya kupimia umeme ilikuwa ya kutishia watu, haikuwahi kuulizwa swali la kweli. Na kwa nini apime? Kifo cha dinamo alijua ni uongo, si aliutunga mwenyewe?

Kesho yake mchana akampakia Mwenye Majumba, akawasha kila kitu: taa zilizobaki, friji, redio kwa sauti ya juu. Walipofika katikati ya maji, tajiri akajinyoosha kwenye kochi.

"Zima injini kijana, niisikie starehe yenyewe."

Volti akazima. Starehe ikasikika kidogo, kisha redio ikakohoa na kunyamaza. Friji ikafuata. Volti akazungusha ufunguo.

Tik.

"Nini hiyo?"

"Inapumua, mzee."

Tik.

"Mbona inapumua kama inayoaga?"

Ikapita boti ndogo ya kukanyaga kwa miguu, ina mtu mmoja na kiti kimoja kitupu. Mwenye Majumba akaingia bila kuaga. "Fremu nampa kinyozi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu atajirike, akakanyaga pedali.

Volti akapiga simu kwenye kibanda cha mlinzi.

"Haloo, gati."

"Mlinzi?"

"Mlinzi anatusaidia kupakia viti vya shughuli kwenye kagari. Nani mwenzangu?"

"Mama Maturubai! Ni mimi, Volti. Boti haichaji!"

"Si ulisema imekufa? Mimi nani nimbishie fundi?"

"Mama, nilikuwa nimekosea…"

"Hukukosea, mwanangu. Harufu ile naijua. Marehemu aliwahi kuizima swichi ile ile injini ikinguruma, tukanunua dinamo mpya. Ningekwambia, ila ulikuwa unalia vizuri sana."

Nyuma yake dada walikuwa hoi kwa kicheko.

"Basi nitafutieni fundi, mama yangu. Nakuomba."

"Ngoja niwaulize wenye boti." Minong'ono, kicheko tena. "Haya, andika namba. Wote wanamtaja mmoja."

Volti akaandika kiganjani. Zero, saba, sita. Kufikia tarakimu ya tano akaitambua. Akaimalizia namba bila kungoja kusomewa.

"Umeipata?"

"Nimeipata, mama."

"Mpigie mapema, baba. Nasikia siku hizi ana shida ya usafiri."