Unga Juu ya Kioo

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Jiwe langu la kunolea limekufa. Halijavunjika, halijaibiwa. Limenifia mkononi saa nne asubuhi, nikiwa katikati ya kisu cha muuza samaki, naye amesimama ananitazama.

Niandike vizuri, maana ipo siku mtu atataka kujua ilikuwaje. Jiwe lenyewe ni kipande cha shaba, kirefu kama kiganja na vidole vyake. Ndani yake mna punje za almasi, ndogo kuliko chumvi. Hazikubandikwa juu tu: zimechanganywa na shaba mpaka chini, kama kokoto kwenye zege. Aliyeniuzia aliniapia kwamba litanitosha maisha yangu yote. Inaelekea maisha yangu ni wiki tano.

Lakini wiki tano zile! Visu viliingia butu vikatoka vinanyoa. Mkono wangu wa kushoto hauna unywele hata mmoja, kwa sababu ya majaribio. Leo kisu kinateleza juu ya jiwe kana kwamba nimelipaka sabuni. Nimekandamiza. Nimekandamiza zaidi. Muuza samaki akachukua kisu chake, akavuka lango la soko, akakaa kwenye benchi la Daktari.

Daktari si daktari. Ni mnoa visu kama mimi, ila anavaa koti jeupe na kupanga visu vya watu juu ya taulo, basi watu wamemwamini. Naye ana mawe ya almasi. Yake hayafi. Kwa nini yake hayafi?

Na Jumamosi ndiyo siku ya shindano. Mama Mpishi, mkuu wa jiko la hoteli, atampa kila mmoja wetu, mimi na Daktari, kisu kimoja. Atakayenoa vizuri atapewa visu vyote vya hoteli, kila wiki, mwaka mzima. Dada yangu anataka chumba changu mwisho wa mwezi ili aweke cherehani ya pili. Nikipata hoteli nitapanga kwangu. Nikikosa, sijui nitalala wapi. Nimeliandika hilo mara moja na sitaliandika tena, linanikosesha hamu ya kula.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimelichemsha jiwe. Dakika ishirini, kwenye sufuria ya maziwa ya dada. Nimelianika juani. Nimelisugua kwa mswaki na sabuni, likatoa uchafu mweusi wa kutisha, nikafurahi, nikajaribu kisu. Kilikata kidogo. Baada ya dakika tatu likafa tena.

Ushauri rahisi ungekuwa kumuuliza Daktari. Sina ugonjwa huo. Mtu akishakuuliza umemshika. Ukimuuliza wewe, amekushika yeye.

Nikamtuma shemeji. Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi saa, mtu mpole, mikono safi, uso usioweza kuficha kitu. Nikampa kisu cha mkate. Mpango ulikuwa ajifanye mteja wa kawaida, akae, atazame, asikilize Daktari anafanya nini jiwe lake likigoma.

Akarudi baada ya robo saa, anatabasamu. Alimwambia Daktari kwamba nimemtuma. Eti alidhani ndiyo adabu! Na Daktari, kwa maringo yake, akamweleza kila kitu. Jiwe la namna ile halifi, linalala: shaba inapanda, punje za almasi zinazama na kuchoka, hakuna kinachouma. Linaamshwa. Weka unga kwenye kioo, maji kidogo, ulizungushe juu yake, basi.

Unga, kioo, maji. Shemeji akakumbuka kwamba hakuuliza unga gani, akataka kurudi. Nikamzuia mlangoni. Nikamwambia mpelelezi harudi mara mbili mahali pamoja.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Kioo kipo kimoja tu nyumbani, kile kirefu cha dada cha kupimishia wateja nguo. Nimekitoa ukutani, nikakilaza mezani. Unga upo mkebe mzima. Unga wa ngano, mzuri, mweupe. Maji kidogo.

Nikazungusha. Mwanzoni ilikwenda vizuri sana. Baada ya dakika tano ikawa nzito. Nikaongeza maji, ikalegea. Nikaongeza unga, ikakaza. Nikaendelea hivyo kwa muda, nikingojea jiwe liamke, mpaka nikagundua kwamba nimekanda donge la kulisha watu wanne. Nikaliacha kidogo nipumzike. Niliporudi jiwe lilikuwa limegandia kwenye kioo na halitoki.

Ndipo dada akaingia na mteja, bibi harusi mtarajiwa, aliyekuja kujipima gauni. Wote wawili wakakitazama kioo. Dada akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa kama naumwa. Nikajibu niko kwenye utafiti. Akaniambia utafiti wangu uwe umeoshwa kabla hajamaliza kumbana mteja pini za kiuno.

Jioni shemeji akaniazima lenzi yake ya saa, ile ya kubana jichoni. Nikalitazama jiwe chini ya taa. Jamani! Sikujua kwamba kitu ninachokishika kila siku kinafanana hivyo. Uwanda mpana wa shaba, umelala, unang'aa, na hapa na pale kijicho cha almasi kimezibwa mpaka kwenye kope. Nikatafuta hata punje moja iliyojitokeza, nikakosa. Nikakaa nalo mpaka chakula kikapoa. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kitu cha kuila shaba na kuziacha almasi zimesimama. Na hicho si ngano. Ngano haijawahi kula shaba.

Nimejisikia fundi kwa mara ya kwanza. Nilifurahi kuliko siku niliyonyoa mkono mzima.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimeanza na chumvi. Imeyeyuka. Sukari, vilevile, na sisimizi wakaja. Jivu limechafua tu. Mchanga wa uani umekwaruza jiwe upande mmoja, upande wa pili hauna habari.

Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi. Sikuuliza. Nilisimama nikasoma makopo mpaka mwenye duka akachoka, akaja mwenyewe kuniuliza natafuta nini. Nikasema natafuta kitu kigumu, kiko mfano wa unga. Akanipa unga wa msasa, wa kijivu, ule ambao mafundi injini husugulia vali. Akasema mawe ya kunolea pia husuguliwa kwa huo, kijiko kimoja, kwenye kipande cha kioo cha dirisha kisicho na kazi, dakika chache, basi. Nikamwambia najua. Sikuwa najua.

Kioo cha dirisha sina. Kioo ni kioo.

Kijiko kimoja, maji kidogo, nikazungusha. Sauti tu ilinisisimua! Si ile ya kuteleza. Hii ilikuwa inatafuna. Tope la kijivu likageuka kahawia: shaba inatoka. Baada ya dakika tano nikaliosha, nikabana lenzi. Zimesimama! Punje kwa punje, zina pembe, zina kivuli, kila moja imejitokeza kwenye shaba na kunitazama. Nilipitisha ukucha ukakwanguka kama jibini. Nikamwita shemeji aje aone, akaja, akatazama kwa muda mrefu, akasema ni nzuri kuliko saa yoyote aliyowahi kuifungua.

Basi ikiwa dakika tano zimefanya hivi, saa mbili zitafanyaje? Nikaendelea kwa saa mbili.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Bibi harusi alirudi. Akasimama mbele ya kioo. Akasogea karibu. Akasogea mbali. Akamuuliza dada kama leo kuna ukungu. Katikati ya kioo, kuanzia kifuani mpaka magotini, hakuna mtu, kuna wingu. Kichwa chake kilionekana vizuri, na viatu.

Dada hakupaza sauti. Alisema chumba anakitaka mwisho wa mwezi, si siku moja zaidi, na hata kama cherehani ya pili haitakuja atakifungia kikae kitupu. Shemeji akaniombea. Akaambiwa naye anaweza kuondoka akipenda.

Nikaenda kazini mapema. Mchana Daktari akavuka lango na koti lake. Sikumkaribisha. Akaliona jiwe, akalipitishia kidole gumba kinyumenyume, akatikisa kichwa, nikadhani ana wivu. Akasema:

"Ndugu yangu, jiwe lililoamka jana lina njaa. Usilikandamize. Lipe chuma cha ovyo kwanza, litulie, ndipo ulipe kisu cha mtu. Na hata hapo, mkono mwepesi, maji mengi."

Akaniuliza kama nina swali. Nikamjibu sina.

Nimefikiri mchana kutwa. Kwa nini mtu anayeshindana nami kesho aje kunifundisha leo? Jibu ni moja tu. Anataka nisikandamize. Kwa hiyo siri ni kukandamiza. Nimemgundua.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Mama Mpishi alikuja saa tatu na wasaidizi wawili na sanduku la nyanya. Watu wakajaa langoni. Daktari akapewa kisu kirefu cha nyama. Mimi nikapewa kisu cha Mama Mpishi mwenyewe, anachokitumia kila siku, mpini umelika mahali pa kidole chake. Niliona ni heshima. Ilikuwa heshima.

Nikakandamiza. Nikaweka bega, nikaweka uzito wangu wote. Jiwe lilikula. Maji yakawa meusi, vumbi la chuma likajaa vidoleni, nami nikitabasamu kwa watu. Dakika sita nikawa nimemaliza, Daktari hata hajamaliza upande wa kwanza.

Nyanya. Kisu hakikukata, kilirarua. Ganda likavutika, maji ya nyanya yakanirukia shati. Nikajaribu ya pili. Mama Mpishi akakichukua kisu, akakielekeza kwenye mwanga, nami ndipo nilipokiona alichokuwa anakiona: makali yana meno kama msumeno, tumbo la kisu limebonyea, na mikwaruzo imepanda ubavuni mpaka karibu na mgongo.

Akasema taratibu, "Hiki nilipewa na mama aliyenifundisha kupika. Miaka ishirini na miwili sijawahi kukiazima."

Niliona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka kuingia chini ya benchi. Si kwa sababu ya hoteli. Kwa sababu alikifunika kwa kitambaa kana kwamba kimeumia.

Daktari akamwomba akione. Akakaa nacho saa nzima, jiwe moja, jiwe la pili, jiwe la tatu, mkono mwepesi, maji mengi. Kimerudi. Ni chembamba kuliko asubuhi, lakini kilikata nyanya mpaka mtu angeweza kusoma gazeti kupitia kipande. Hoteli ni yake. Nisingeweza kubisha, na sikubisha.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Daktari amekuja nyumbani. Nilijificha uani, dada akanitoa. Daktari akasema hoteli ina visu zaidi ya arobaini, mikono yake miwili haitoshi. Anataka mtu wa kumtunzia mawe. Amesikia kutoka kwa shemeji (huyu shemeji!) kwamba nilikaa na lenzi mpaka chakula kikapoa, na mtu wa namna hiyo hawezi kumpata kirahisi. Nyuma ya stoo yake kuna chumba kidogo, kina dirisha, nikikitaka.

Nikasema nitafikiria, dada akamwambia nimekubali.

Maelekezo ni machache. Jiwe haliamshwi mpaka lilale lenyewe, labda mara mbili kwa mwaka. Dakika tano. Na lile jiwe jembamba la kumalizia, la mwisho kati ya mawe yake sita, lisiguswe kabisa. Akaniuliza kama nina swali lolote, hata dogo. Akangoja. Nikajibu sina.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Siku ya kwanza. Chumba kizuri. Daktari amekwenda hotelini, ameniachia mawe sita, unga wa msasa, na kioo cha dirisha kinene. Nimelitazama kila jiwe kwa lenzi. Yote yako macho. Angeniacha nikae bure mpaka mwakani!

Lakini kwa nini kungoja jiwe lilale ndipo uliamshe? Nimeanza saa mbili asubuhi. Saa moja na nusu kila jiwe, bila kupumzika. Matano tayari. Yamepungua unene kidogo, lakini yako macho ajabu. Akirudi atajua amempata nani.

Limebaki lile jembamba la mwisho, ambalo hakutaka niliguse. Nilishangaa kwa nini, na sasa nimefahamu: alijua ndilo gumu kuamsha, akaogopa litanishinda. Hili ni bamba la chuma tu, almasi zimebandikwa juu juu, tabaka moja. Nimelizungusha saa mbili. Lilikuwa linakwaruza, sasa ni laini kama sahani, kidole kinateleza juu yake bila kukwama popote. Halijaamka. Nitaliongezea saa moja.