Mtungi wa Kwanza wa Bwawa Letu

Ijumaa, 29 Mei

Kimbunga kimepita, tuta la kuzuia mto limevunjika, mto umeingia na maji ya bahari mpaka uvunguni. Hayo tumeyazoea. Lakini safari hii umeingia na bwawani! Bwawa letu la kunywa, ambalo hata kunawa miguu ni mwiko, sasa limejaa chumvi, bata waliokufa na yaliyokuwa vyooni mwa kijiji kizima. Linanuka hadi barabarani. Maji yanaletwa kwa mashua, mtungi mmoja kwa kila nyumba, na ugomvi juu yake.

Baada ya sala, mkutano. Dada Monowara, mjane muuza bata, mwenye sauti ya kuvuka mto, alisema bwawa likaushwe, tope likwanguliwe, imwagwe chokaa, na yote yaishe kabla ya mvua za mwezi wa Ashar, katikati ya Juni. Mvua ikichanganyika na uchafu huu, alisema, tutaunywa mwaka mzima na tutaanza kuzika watoto.

Nikaona nafasi yangu. Kwa desturi yetu, bwawa likishasafishwa, mtungi wa kwanza hutekwa na nyumba iliyojituma kuliko zote. Mara iliyopita ilikuwa nyumba ya jirani yangu Gofran. Mpaka leo anausimulia mtungi ule kila akikohoa. Sasa ni zamu ya nyumba ya Lokman!

Nikasimama, nikatangaza njia ya mkato: shabu, lile jiwe la kung'arisha maji. Nilikuwa na ndoo ya maji ya bwawa niliyoitia shabu tangu asubuhi. Maji maangavu kama kioo! Dada Monowara akauliza kama shabu inaondoa na chumvi na vijidudu. Badala ya kumjibu, nikanywa kikombe kizima mbele ya watu wote.

Wakamchagua yeye kuwa msimamizi.

Jumapili, 31 Mei

Jana sikuandika. Jana nilikuwa chooni.

Mke wangu Shefali kaninywesha maji ya chumvi na sukari guru. Chumvi tena! Dada Monowara akatuma salamu: kijiji kinamshukuru Kaka Lokman kwa kutuonjea maji, sasa hakuna mtoto atakayethubutu kuyagusa. Ni kweli. Watoto hawaendi bwawani, wanashinda uani kwangu wakiigiza nilivyokuwa nakimbia.

Mwanamke ana akili yule! Kumbe nimejitoa mhanga bila kujijua. Hili lihesabiwe kwenye mtungi.

Jumanne, 2 Juni

Pampu imefika. Naiheshimu mashine ile, inanguruma kuliko Dada Monowara, ingawa si kwa mbali. Iliamuliwa bomba lielekezwe mfereji wa zamani, mbali na nyumba za watu.

Mchana, watu wote walikwenda kula wali na dengu. Nikabaki peke yangu kulinda bomba. Nikawaza: Gofran akiwa na uchafu uani mwake, atashinda nyumbani akisafisha, hatakuja kazini, na mtungi ataukosa. Nikalisogeza bomba. Kidogo tu!

Uani kwa Gofran kuna mtaro. Mtaro unashuka. Sikuwahi kujiuliza unashukia wapi. Unashukia jikoni kwangu. Jiko la udongo la Shefali, alilolifinyanga kwa mikono yake baada ya kimbunga, limeyeyuka lote. Na nani alikuwa wa kwanza kuja kutuondolea maji? Gofran! Kafunga mifuko ya plastiki miguuni, anatabasamu, ananiambia pole, jirani. Nilitamani kulia.

Dada Monowara kaamuru ua mzima umwagiwe chokaa. Amesema bomba limeteleza. Sikuona sababu ya kumbishia. Shefali aliniangalia tu, kisha akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sijui alikuwa anazungumzia kisima gani.

Alhamisi, 4 Juni

Leo tope. Nasema wazi, sijawahi kuona watu kama wa kijiji changu. Wanaume na wanawake wamepanga mstari kutoka chini ya bwawa mpaka juu, mifuko miguuni na mikononi, vitambaa puani, makarai yanapita mkono hadi mkono, na bado wanataniana! Mwenye kidonda haruhusiwi kushuka. Atakayejishika uso anarudishwa kunawa kwa sabuni. Dada Monowara anaona kila kidole. Shefali yuko chini kabisa, penye tope zito, tangu alfajiri. Nilijivunia, nikamwombea nguvu.

Mimi nilionyesha kidole chenye mchubuko. Nikapewa kazi ya kuwafunga wenzangu mifuko, kivulini.

Mara mlio wa pikipiki: afisa wa afya kutoka wilayani, na kamera! Sasa mtu aliyefunga mifuko kivulini anaonekanaje kwenye picha? Nikavua mifuko, nikateremka mbio, nikajipaka tope usoni, kifuani, mikononi. Nilitisha! Afisa akanipiga picha, akasema huyu ndiye mfano wa kujituma. Nilipompa mkono, akaurudisha wake mfukoni.

Dada Monowara akapaza sauti hadi ng'ambo ya mto: "We Kaka Lokman! Hilo tope tunalikimbia, wewe unajipaka kama manjano ya bwana harusi?"

Wote wakacheka. Gofran alicheka mpaka akakaa chini. Wivu huo.

Jumapili, 7 Juni

Vipele. Kila mahali palipopakwa. Na palipo na mchubuko, kidole kimevimba.

Mtungi wetu wa siku ulikuwa umekwisha. Dada Monowara akaja na sabuni, majani ya mwarobaini na mtungi wake mwenyewe, maji yake ya kunywa ya siku nzima. Akayamimina yote mgongoni mwangu huku Shefali ananisugua kama sufuria. Nikamuuliza, dada, wewe utakunywa nini? Akasema ataomba kwa jirani, jirani ni wa nini basi. Mlangoni alikuwa amesimama Gofran na nusu ya mtungi wake.

Nililia. Si kwa sabuni. Nilimpenda yule mama, nikampenda Gofran, nikampenda hata yule afisa. Nikaapa kwamba sitafanya hila tena maishani.

Jioni nikapata nafuu, nikakumbuka picha. Afisa alisema mfano wa kujituma. Hayo si maneno yangu!

Alhamisi, 9 Julai

Chokaa ilikaa, jua likawaka, halafu Ashar ikafungua mbingu kwa wakati wake. Bwawa limejaa! Dada Monowara alimkataza mtu yeyote asiguse mpaka maji yapimwe. Watu walinung'unika, akawajibu kwamba Kaka Lokman keshaonyesha nini huwapata wenye haraka. Leo majibu yamekuja: salama, yanafaa kunywewa.

Tukakusanyika kwenye ngazi za bwawa. Wote wakataka mtungi wa kwanza uwe wa Dada Monowara. Akakataa. Akasema kuna mtu aliyekaa chini kabisa ya tope kila siku bila kusema neno. Akamkabidhi Shefali mtungi.

Nyumba ya Lokman!

Shefali alishuka, akateka, akapanda polepole. Hakuna aliyekohoa. Nikanywa. Matamu, matamu kama ya utotoni. Macho yalinilowa, na nilipotazama, kila mtu alikuwa hivyo hivyo.

Basi mipango yangu yote imezaa. Shabu, bomba, picha. Mtu mwenye subira na akili hashindwi. Kimebaki kitu kimoja: vizazi vijavyo vitajuaje? Kwa hiyo leo alasiri, watu walipokwenda kupumzika, nimeandika jina langu kwa rangi ya mafuta kwenye ngazi ya bwawa, herufi kubwa, nyekundu. Mpaka ngazi ya chini kabisa. Kopo la rangi nimeliacha pale pale ukingoni mwa maji, limeinama kidogo tu, nitalifuata baadaye.

Nasikia Dada Monowara ananiita kutoka bwawani. Jina langu zima, na la baba, na la babu. Na wengine nao wanaita, wengi, na mbio za miguu zinakuja huku.

Lazima wanataka nitoe hotuba. Ngoja nivae shati jipya.