Ombi la Kufanyia Mtihani wa Takwimu Golini

Mheshimiwa Mkuu wa Taaluma,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa, na chai umeshaimaliza, maana sipendi uungue kwa ajili yangu.

Mimi ni golikipa wa timu ya wasichana ya chuo, mwaka wa pili, uhasibu. Fainali ni Jumamosi ijayo asubuhi. Tumebakiza nusu fainali tu, ambayo ni ya kukamilisha ratiba. Sasa mtihani wa Takwimu nao umewekwa asubuhi hiyohiyo. Nisipofanya mtihani, narudia mwaka. Nisipodaka, ufadhili wa michezo unaonilipia chumba na chakula unakatika, na nitarudi kwa mama, ambaye ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe ni mhasibu. Mama akishatangaza jambo, halirudi.

Kwa hiyo naomba kitu kidogo: mtihani niufanyie golini. Mwalimu wa Takwimu amenikatalia, na malalamiko yangu ni haya:

1. Alinijibu mbele ya darasa zima kwamba mshika mbili moja humponyoka. Mheshimiwa, aliyetunga methali hiyo hakuwa na glavu. Kushika ndiyo kazi yangu.

2. Alisema golini hakuna utulivu. Mabeki wetu hawapitiki. Yule wa kati tunamwita Mlango wa Benki, na watu humpisha hata kwenye foleni ya chakula. Robo fainali nilimaliza kipindi kizima bila kuguswa na mpira, nikasuka nywele upande mmoja. Ukumbi wa mitihani una feni inayolia kama mgonjwa na viti vinavyobana mapaja. Nani ana utulivu hapo?

3. Anahofia nitaibia majibu. Kwa nani? Mtu wa karibu nami ni mshambuliaji wa wapinzani, naye akifika kwangu hana nia ya kunieleza wastani wa kitu chochote. Hata hivyo, msimamizi asimame nyuma ya nyavu. Akituokotea na mipira, Mungu atamlipa.

4. Dawati liwekwe karibu na nguzo ya kushoto, kwa kuwa naandikia mkono wa kushoto. Kocha aliuliza mpira ukigonga dawati itakuwaje. Nikamwambia lihesabiwe ni sehemu ya nguzo. Alishika kichwa, lakini hakusema hapana.

5. Kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona haki iko upande wangu, hivyo naongeza. Mshambuliaji anyooshe mkono kabla ya kupiga, kama mwanafunzi yeyote mwenye adabu. Penalti isubiri nimalize swali. Mwamuzi apulize filimbi taratibu. Mashabiki washangilie kwa maandishi. Na kwa kuwa mwalimu anasema mambo mawili hayawezekani, adake yeye kipindi cha pili, tuone kama hilo moja analiweza.

Nisikufiche, Mheshimiwa. Nimechoka, na nina furaha ya kunifanya nicheke peke yangu bafuni, kwa sababu timu hii haijawahi kufika hapa. Napenda mahesabu yanapokubali, na napenda mpira unapotua kifuani. Kila mtu ananiambia nichague, kana kwamba nimeolewa na wawili. Inaniuma.

Nisalimie katibu muhtasi wako, walinzi wa getini, mwalimu wa Takwimu na wote wa nyumbani kwake. Msimamizi aambiwe mapema avae raba.

Wako mtiifu, ratiba ikiruhusu,
Golikipa, jezi namba moja

Tanbihi: Niwie radhi kwa tope lililoganda ukurasani. Ili kuokoa muda, barua hii nimeiandika leo golini, katikati ya nusu fainali. Tumefungwa manne. La kwanza liliingia nikiwa kwenye salamu, na la tatu nikitafuta neno la heshima la kumwelezea mwalimu. Jumamosi nitakuwepo ukumbini kama wenzangu, ila kwenye foleni ya chakula naomba nisipangwe karibu na Mlango wa Benki, kwa sasa hatusemeshani. Kocha ameisoma barua yote, akaikunja vizuri, akanirudishia, akaniambia kwa upole kabisa nikazane na masomo.