Kumwita Fisi-maji

Jumatatu, 2 Desemba

Asubuhi ya baridi kavu, mbingu safi, upepo wa kaskazini. Nyuzi nne kwenye kipimajoto cha dirishani.

Chigusa amekubali! Mwaka mzima sasa binti yangu hajakanyaga hapa, tangu nilipompigia simu bosi wake nikijifanya mteja wa Osaka anayemsifu. Lafudhi ya Osaka ilinishinda dakika ya pili. Bosi aliniita kwa jina langu.

Nilimwandikia kwamba ile katuni ya fisi-maji mvushaji imegeuzwa mchezo wa kabuki, ile michezo ya kale ya jukwaani, na kwamba nimepata tiketi mbili za Jumamosi, ghorofa ya tatu. Alikaa siku mbili kabla ya kujibu. Atakuja, kwa sharti moja: niketi, nitazame, nile, nirudi nyumbani. Bila mpango. Nikiweza hilo, Mwaka Mpya atakuja kulala kwangu siku zote tatu. Nikishindwa, atabaki Yokohama ale tambi zake peke yake.

Nikajibu kwamba sina mpango wowote. Wakati naandika ilikuwa kweli.

Alipokuwa na miaka minne aliitazama filamu hiyo mpaka kanda ikakatika. Mwishoni fisi-maji anamvusha yule msichana, anaiacha kofia yake ya majani ukingoni, kisha anaingia mateteni bila kutazama nyuma. Kila mara Chigusa alisimama mbele ya televisheni akapiga kelele: "Geuka! Geuka basi!" Hakugeuka hata siku moja. Mtoto alilia sebuleni, mimi nikalia jikoni na kusingizia vitunguu.

Jumanne, 3 Desemba

Manyunyu tangu alfajiri. Soksi zimelowa.

Dukani ninapofanya kazi tuliuza brashi tatu za kuandikia na bahasha. Bi Kuwabara wa kaunta ya karatasi amekwenda kabuki mara nane. Najua kwa sababu hakuna sentensi yake isiyo na hiyo mara nane. Aliniuliza nimepata viti wapi. Nilipomwambia, akasema huko juu ndiko wanakokaa wazee wa kuita. Akanieleza kama vile mimi nimezaliwa jana: mwigizaji anaposimama mkao wake mkuu, wanaume wa safu ya nyuma hutoa sauti na kulitaja jina la nyumba yake ya uigizaji, mara moja, palepale panapofaa, na ukumbi mzima unasisimka. Mwigizaji wa fisi-maji wetu ni wa nyumba ya Kawasemiya.

Nikauliza kama mwanamke anaweza kuita. Alicheka kwa pua.

"Wewe, Serizawa? Wewe hata ukipiga kamsa ya moto utaanza na samahani."

Mteja wa bahasha akacheka naye.

Nimekata shauri. Nitaita. Mara moja tu, palepale panapofaa. Ukumbi utasisimka, na Chigusa atajua kwamba mama yake si mtu wa kuharibu mambo tu. Huu si mpango. Ni kushiriki.

Jumatano, 4 Desemba

Ukungu mtoni. Duka limefungwa.

Mazoezi. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa ukingoni, chini ya daraja la reli, mahali ambapo hakuna mtu. Nilivuta pumzi kutoka tumboni, nikaita: "Kawasemiyaaa!" Bata wakaruka. Nikaita mara ya sita, akatokea mzee mwenye kofia ya sufu na mbwa mweupe mnene. Akauliza kwa upole nimempoteza lini.

Nikauliza nani.

"Mbwa wako," akasema. "Si ndiye unayemwita?"

Hapo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikasema jana jioni. Akataka kujua yukoje. Wa kahawia, nikasema, masikio mafupi, miguu mifupi, anapenda maji. Kufika hapo nikatambua kwamba ninamweleza fisi-maji.

Anaitwa Bwana Inokuma. Tulimtafuta mbwa wangu kwa dakika arobaini. Mzee aliinama chini ya kila mashua iliyofunikwa. Nami niliinama. Magoti yananiuma hadi sasa.

Alhamisi, 5 Desemba

Jua, baridi kali. Barafu nyembamba kwenye ndoo.

Nilihama daraja. Bwana Inokuma naye alikuwa amehama, eti mbwa hupenda kufuata mto. Aliniomba niite asikie. Nikaita.

Akatikisa kichwa. Akaniambia mbwa haitwi hivyo. "Unavuta mwisho kama muuza viazi vitamu, Bi Serizawa. Kata. Jina liwe kama kofi." Akaonyesha mwenyewe, kwa sauti ndogo tu, na nywele zikanisimama. Watu wenye mbwa wana vipaji vya ajabu.

Nilimshukuru kwa adabu. Moyoni nikasema, huyu anajua mbwa, hajui kabuki. Nitaendelea kuvuta.

Ijumaa, 6 Desemba

Mawingu. Koo limekauka.

Bwana Inokuma alikuja na vipande vya nyama kavu kwa ajili ya mbwa wangu, walivyovifunga kwenye karatasi safi, yeye na mkewe. Niliona aibu hata sikuweza kumtazama. Akanipa ushauri mmoja wa mwisho: nikimwona mnyama kwa mgongo, nisiite. "Mgongo si mtu, Bi Serizawa. Subiri uuone uso." Nikakubali kama mtu anayekubali habari za hali ya hewa.

Jioni Chigusa alipiga simu kupanga pa kukutana. Akauliza sauti yangu imekuwaje. Mafua, nikasema. "Mama. Huna mpango?" Nikasema mpango wangu ni kupika mayai ya kukunja. Niliyapika, kwa hiyo si uongo. Nyama kavu nimeila mwenyewe. Si mbaya.

Jumamosi, 7 Desemba

Anga nyeupe, hakuna upepo. Siku njema ya kuita.

Naandika taratibu ili nisiruke kitu.

Chigusa alinisubiri mlangoni, kakonda, amevaa koti jipya la kijivu. Alinishika mkono kwenye ngazi. Pazia lilifunguliwa saa tano asubuhi. Mto wa hariri, matete, mtumbwi, na fisi-maji mwenyewe na sharubu zake. Nyuma yetu wazee wakaita. Mwito mfupi, mkavu. Ukumbi ukasisimka. Niliikalia mikono yangu nisije nikainuka.

Mapumziko tulikula. Chigusa alikula mayai manne na kusema mambo mengi, ya kazi, ya jirani anayepiga filimbi. Akasema, "Unaona, Mama? Inawezekana." Ningeishia hapo. Mungu anajua ningeishia hapo.

Kisha onyesho la mwisho. Fisi-maji aliweka kofia ukingoni, akazama mtoni, akaibuka kwenye ile njia ya mbao inayokatiza kati ya watazamaji. Anakwenda zake, mgongo kwetu. Kimya. Watu elfu na zaidi hawapumui. Nikajiwazia: palepale panapofaa ndipo hapa. Nashangaa wazee wa nyuma wamelala.

Nikasimama. "Kawasemiyaaa!"

Hawakuwa wamelala. Yule hakuwa Kawasemiya. Alikuwa mwanafunzi wake, aliyevalishwa manyoya yaleyale ili atuonyeshe mgongo, wakati bwana mkubwa anakimbia chini ya jukwaa kwenda kutokea upande wa pili. Kila mtu mle ndani alijua isipokuwa mimi. Kijana wa watu alishtuka. Akageuka.

Uso wa duara, sharubu zimepinda, macho kama sahani. Aliniangalia moja kwa moja, ghorofa ya tatu, akainamisha kichwa kuomba radhi. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Fisi-maji wa kweli akachomoza mateteni mapema kuliko ilivyopangwa, akasubiri kicheko kipungue, akasema: "Nani ameniita? Hata sijakauka." Nyuma yetu sauti moja, kama kofi: "Kawasemiya!" Makofi yakatikisa taa.

Naijua sauti hiyo. Sikugeuka.

Chigusa alikuwa ameinama, uso ndani ya kitabu cha mchezo, mabega yanatikisika. Nikahesabu: Mwaka Mpya wa pili peke yangu. Nikamwambia samahani. Alipoinua kichwa, alikuwa amelowa machozi na hawezi kusema kwa kucheka.

"Amegeuka," akasema hatimaye. "Miaka ishirini na tatu namwambia ageuke, Mama. Wewe umemgeuza."

Kwenye ngazi tulimkuta Bwana Inokuma, tai shingoni, akisalimiwa na kila mfanyakazi wa ukumbi. Akanipa mkono. "Naona mbwa umempata, Bi Serizawa. Tatizo ni ule mgongo." Kumbe naye ni mzee wa kuita, na tangu Jumatano alijua ninamwita nani. Alikuwa anainama chini ya mashua huku akijua.

Chigusa akauliza mbwa gani.

Jumapili, 8 Desemba

Theluji nyepesi, haikushika ardhi.

Bi Kuwabara amepiga simu. Alikuwepo jana, chini, mara ya tisa. Anauliza kama nimesikia kuna mwendawazimu ghorofa ya tatu. Nikasema nilisikia, na kwamba alikuwa na sauti nzuri.

Chigusa amethibitisha. Siku zote tatu, sharti lilelile. Ameandika "bila mpango" mara mbili na kupiga mstari chini. Nimejibu kwamba jana nilijifunza, na kwamba mtu wa umri wangu hahitaji kufundishwa mara mbili.

Bwana Inokuma ana mpwa. Daktari wa meno, miaka thelathini na moja, hajaoa, anapenda filimbi. Nimemwalika mzee na mkewe tarehe 2 Januari kwa supu ya keki za mchele. Wakija na mpwa, hiyo ni juu yao. Lakini inafaa nijue kwanza tabia yake, kwa hiyo kesho nitapiga simu kliniki kwake kama mgonjwa. Wa Osaka. Safari hii nitaifanyia mazoezi lafudhi, chini ya daraja, saa kumi na mbili.

Nilizima taa saa tatu. Nikaiwasha kuandika maneno manne ya Osaka niliyoyakumbuka. Nitalala saa nne kasoro robo, kwa makadirio.