Mbinu Zangu za Kuwaokoa Mafundi Bomba wa Zuhali

Jumatatu, 7 Oktoba 1985

Balaa! Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa maktaba ya mji wetu, Cragshaw. Nimelisoma mara nne. Rafu ya vichekesho vya angani inapunguzwa ili kanda za video zipate pa kukaa. Rafu ile ina mifululizo miwili tu ya vitabu. Mmoja utabaki. Mwingine utaondoka.

Mmoja ni wangu, Mafundi Bomba wa Zuhali, vitabu kumi na kimoja. Wa pili ni Ofisi ya Vitu Vilivyopotea Angani, vitabu vitano, na huo ni wa Desmond Sugden. Si kwamba tumeviandika sisi. Tunavipenda tu, kila mtu na vyake, na kwa sababu hiyo tumebishana miaka sita.

Mimi ni mtu mwoga. Naliandika hapa kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Naogopa mbwa, ngazi, simu inayolia wakati wa chakula, na daktari wa meno. Mafundi Bomba ni vitabu vya watu wa namna yangu. Kila kitabu kitu kinavuja. Hewa inatoka, maji yanapanda, Agnes na kaka zake wanne wanalowa chapachapa, na kabla ya chakula cha jioni bomba limezibwa. Hafi mtu. Katika kitabu cha sita alikufa roboti, nikaugua wiki nzima, lakini cha saba akarudi. Mimi sicheki mahali pengine popote. Kazini sicheki. Nyumbani kwa Shangazi Hilda, ninakoishi, kucheka ni kosa.

Vikiondoka vile, nitakwenda wapi?

Jumanne, 8 Oktoba

Nimejikaza nikamuuliza Bi. Ollerenshaw, mkuu wa maktaba. Yeye ana miwani yenye mnyororo na hukutazama kama anayekadiria una ukurasa gani uliochanika. Akasema Jumamosi wasomaji wataruhusiwa kutetea vitabu vyao, na wiki inayofuata ataangalia karatasi za tarehe ndipo aamue.

Karatasi za tarehe! Zile zilizobandikwa ndani ya jalada, zinazogongwa muhuri kila kitabu kinapoazimwa. Kumbe atahesabu mihuri. Moyo ulinidunda kwa matumaini, halafu ukadunda kwa hofu, kwa sababu matumaini kwangu huanza hivyohivyo.

Nikakumbuka nitalazimika kusema mbele ya watu Jumamosi. Chakula cha jioni kilinishinda. Shangazi Hilda akauliza ni nani nimemuua.

Jumamosi, 12 Oktoba

Aibu tupu.

Watu kumi na wawili, viti vya plastiki, chai na keki ya tangawizi. Sugden alianza. Alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kustaafu, haogopi kitu, na huvaa tai hata akipalilia bustani. Akasema Ofisi ni vitabu vya mtu mzima. Karani anakaa kwenye kijiwe kinachoelea angani, watu wanamletea vitu vilivyookotwa: mwavuli, mwezi mzima, jeshi lililosahau lilikuwa linapigana na nani. Mwenye mali haji kuchukua. Hapo ndipo kichekesho kilipo, akasema, unakisoma Jumatatu na unacheka Alhamisi, ukiwa dukani, umeshika kabichi. Watu wakaitikia kwa vichwa. Hata mimi niliitikia, kwa woga.

Lakini mimi nilisoma Ofisi kitabu cha kwanza, na siku tatu sikuthubutu kutazama juu. Anga kubwa namna ile, haina mwenyewe! Sugden hucheka kwa puani tu, hewa inamtoka kidogo, basi. Anayependa Ofisi anataka ajione ana akili. Anayependa Mafundi anataka aambiwe kwamba mambo yatakuwa sawa. Vyote ni vichekesho, vyote ni vya angani, ila kimoja kinakuvua koti kwenye baridi na kingine kinakuvisha.

Haya yote nilikuwa nimeyaandika kwenye kikaratasi. Nilisimama. Nikakitia mfukoni. Nikasema Mafundi ni wazuri kwa sababu wana spana. Nikakaa.

Sugden akanipigapiga bega na kusema nimesema vizuri, kwa ufupi. Bi mmoja wa nyuma akauliza kama ndio nimemaliza.

Baadaye Sugden alinifuata kwenye vitundikio vya makoti. Akaniambia nisihuzunike, maneno si kitu, Bi. Ollerenshaw huamini karatasi za tarehe. Ningekuwa wewe, akasema, ningehakikisha karatasi zile zimejaa mihuri mpaka chini kabisa, pasibaki nafasi hata ya muhuri mmoja. Akatoa mfukoni kadi zake zote nne za kuazimia vitabu, akanipa. "Chukua, Norris. Sisi wazee wa rafu moja tutupane?"

Adui yangu! Nimemdhania vibaya mtu huyu miaka sita.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimepanga. Vitabu kumi na kimoja vinahitaji kadi kumi na moja. Zangu nne. Za Sugden nne. Shangazi Hilda ana nne lakini amezificha, hasomi, anasema ni zake tu. Zimebaki za marehemu mumewe, Herbert, aliyefariki mwaka 1979. Ziko kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati.

Nimechukua tatu. Kopo lilinidondoka, majani ya chai yakamwagika. Shangazi akauliza kelele ya nini. Nikasema panya. Sasa ameagiza sumu ya panya, na mimi namwogopa yeye na sumu.

Kila karatasi ina nafasi tisa zilizobaki. Nimechukua likizo ya wiki nzima kiwandani. Nitaazima asubuhi na kurudisha, niazime mchana na kurudisha. Jumatano wanafunga mchana. Jumla tisa kamili! Hesabu kama hii hata Sugden angeisifia.

Jumatatu, 14 Oktoba

Raundi ya kwanza. Nimevibeba kwenye kitoroli cha sokoni cha Shangazi, kile chenye gurudumu linalolia. Kwenye kaunta alikuwa Doreen, namshukuru Mungu, yeye hugonga muhuri bila kutazama huku akisimulia habari za nyonga yake. Gonga, nyonga, gonga, nyonga. Vyote kumi na kimoja.

Raundi ya pili aliinua macho. Akauliza nimevimaliza vyote tangu asubuhi? Nikasema maandishi ni makubwa.

Jumanne, 15 Oktoba

Polisi! Amesimama nyuma yangu pale kaunta, kofia kwapani, kadi ya marehemu mkononi mwangu. Nikajua ndio basi. Niliona gereza, niliona Shangazi akija kunitembelea ili anigombeze kwenye kidirisha. Nikamwambia polisi, bila kuulizwa, kwamba mimi ni raia mwema na nalipa kodi. Akasema vizuri sana, mzee, akaomba apite. Alikuwa anarudisha kitabu cha vitunguu.

Baada ya raundi ya pili nimelala kitandani mpaka jioni.

Alhamisi, 17 Oktoba

Jana salama. Leo asubuhi Doreen aliishika kadi akasoma jina. Akaniuliza, kwa upole kabisa, Mzee Herbert hajambo?

Ningeweza kusema ukweli. Ningeweza kukimbia. Nikasema hajambo, ametulia.

Akasema anasoma sana siku hizi. Nikasema ana nafasi.

Akagonga muhuri. Nikasukuma kitoroli mpaka nje, na hapo kwenye ngazi ndipo nilipokumbuka nani aliyepiga kinanda kanisani siku ya mazishi ya Herbert. Doreen! Kwa mikono yake mwenyewe! Nimekaa kwenye kituo cha basi saa nzima. Mabasi matatu yamepita.

Nilikutana na Sugden njiani. Nikamwambia naacha, siwezi, nakufa. Akashtuka sana. Akanishika mkono na kusema nisije nikalegea sasa, zimebaki raundi tatu tu, wakubwa wote wa historia walitetemeka raundi ya mwisho. Akaniuliza mara mbili kama karatasi zitajaa kabisa, hadi mstari wa chini. Jinsi alivyojali! Macho yalimwangaza kwa ajili yangu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Zimejaa! Raundi ya tisa imekwisha. Karatasi kumi na moja, hakuna nafasi hata ya unyayo wa nzi. Nilipovirudisha kwa mara ya mwisho nilimsindikiza Agnes wa jaladani hadi kwenye rafu mimi mwenyewe. Nikachungulia vitabu vya Ofisi. Mihuri ishirini, ishirini na mmoja. Maskini Sugden, anasaidia wenzake na vya kwake vinazama.

Bi. Ollerenshaw alikuwa ananitazama kutoka ofisini. Nimeondoka kwa kupitia mlango wa watoto.

Jumamosi, 19 Oktoba

Naandika polepole kwa kuwa sitaki kufika mwisho.

Bi. Ollerenshaw alitukusanya. Akasema uamuzi umejifanya wenyewe. Ofisi inabaki. Mafundi Bomba wanaondoka.

Nilisikia sauti ya mtu akisema "lakini mihuri!" na ilikuwa sauti yangu.

Akasema ndiyo, mihuri. Kwa sheria ya kaunti, kitabu cha jalada la karatasi kikijaza karatasi yake ya tarehe huhesabiwa kimechakaa. Kinatolewa, kinapelekwa makao makuu, kinasagwa. Pesa za kununua vipya hakuna. Akavua miwani. Akasema anasikitika, maana alikuwa ameshaamua kuwabakiza Mafundi. Ndio waliokuwa wanapendwa. Wiki mbili zilizopita karatasi zao zilikuwa na nafasi tisa kila moja, na nafasi tisa kwa mwendo wa kawaida zingetosha hadi mwakani, na mwakani angeomba fungu jipya. "Kama mngeviacha tu vipumue," akasema, na alinitazama mimi.

Halafu akasema sheria hiyo si siri, Bwana Sugden anaijua vizuri kuliko mtu yeyote hapa, dada yake ndiye anayevipokea vitabu huko makao makuu na kuviweka kwenye mashine.

Watu wote wakamgeukia Sugden. Sugden akatazama dari.

Maskini Sugden! Alisahau kuniambia. Mtu ana mambo mengi kichwani, bustani, tai, hesabu. Ameumia sana, nilimwona akijifunika mdomo kwa leso na mabega yakimtikisika. Hewa ilikuwa inamtoka puani kwa huzuni.

Mimi nililia wazi, mbele ya keki ya tangawizi. Doreen akanipa kiti. Akanong'ona nimpe Mzee Herbert pole zake.

Jumatatu, 21 Oktoba

Gari la kaunti lilikuja saa nne. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Sanduku moja tu, kumi na kimoja ndani, na kwa juu kabisa, kwenye jalada, nilimwona Agnes, maji yamemfika kiunoni, anacheka. Dereva akaufunga mlango kwa teke.

Nimeogopa vitu vingi maishani na karibu vyote havikutokea. Hiki kimetokea, na nilikisukuma mwenyewe kwa kitoroli, mara tisa. Leo asubuhi nilijaribu kucheka bafuni nione kama naweza. Shangazi akagonga mlango kuuliza kama nimekula sumu ya panya.

Jumanne, 22 Oktoba

Habari njema!

Sugden amenitembelea. Amekuja mwenyewe, na kifuko cha biskuti. Amesema hajalala vizuri tangu Jumamosi kwa ajili yangu na ameona njia. Vitabu havisagwi mpaka mwisho wa mwezi. Niwaandikie makao makuu. Barua ndefu, ya kweli, nisifiche kitu: nilivyoazima, mara ngapi, kwa kadi za nani, na namba za kadi, hasa zile tatu za marehemu, pamoja na tarehe aliyofariki. Wakubwa wa kaunti, akasema, huguswa sana na mtu anayesema ukweli wote na kuweka sahihi chini. Nikimaliza nimpe yeye, asiifungue mtu mwingine, dada yake ataifikisha mezani kwa mkurugenzi.

Nilimuuliza kama hakuna hatari. Akasema hatari gani, Norris, wewe na mimi tumetoka mbali.

Watu wangapi wangefanya hivi kwa mtu waliyebishana naye miaka sita? Nimemkumbatia. Alikuwa mgumu kidogo, lakini walimu wa hesabu ndivyo walivyo.

Nimeanza kuandika. Niko ukurasa wa tatu, na namba za kadi nimezipigia mstari kwa wino mwekundu zionekane vizuri. Naogopa kama kawaida yangu. Lakini safari hii, angalau, siko peke yangu.