Nakala ya Akiba Iliyovuka Mpaka

Leo nimeaibika katika nchi mbili kwa mpigo mmoja. Naandika nikiwa nyuma ya nyumba yangu hapa Mulanda, upande wa Uganda, maana mbele kuna wageni.

Leo ilikuwa misa ya kumbukumbu ya baba, hapa hapa nyumbani chini ya turubai. Kabla hajafariki alinisimulia visa vyake, nikavichapa, nikavigeuza kitabu cha elektroniki. Nilipaswa kuwasomea watu kisa kimoja. Sauti ya baba iliyobaki ni hicho kitabu tu, hakuna kingine.

Asubuhi nawasha kifaa changu cha kusomea. Giza. Nakichaji. Giza. Nakipapasa kama mgonjwa (nakiri, hata nimekiombea). Giza tu! Kwenye simu? Kitabu nilishakifuta ili video za harusi zipate nafasi. Harusi yenyewe si yangu!

Mke wangu Athieno akashika kichwa. Nikamwambia, kwa sauti ili wageni waliowahi wasikie, "Tulia. Mimi ni mtu wa mipango. Nina nakala ng'ambo."

Sisi wa mpakani hatuweki mali upande mmoja. Laini mbili za simu, shamba huku, duka kule. Basi vitabu vyangu vyote nilivinakili kwenye flashi, nikampa shangazi, dada yake baba, anayeuza mitumba Busia upande wa Kenya. Huku kukiharibika, kule kupo. Simu yake haikupatikana, nikapanda boda.

Vumbi mpaka kwenye kope! Nikavuka kwa miguu, kitambulisho mkononi, suti nyeusi imeshakuwa ya kahawia. Shangazi nimemkuta ndani ya gomesi, gauni lake la sherehe, anafunga mlango aje kwetu.

"We! Mbona umenifuata? Si nakuja?"

"Shangazi, flashi."

"Ile kitu ndogo nyeusi? Mimi siwezi weka kitu ya maana hapa, wezi wamejaa. Nilipeleka ng'ambo."

"Ng'ambo wapi?"

"Kwako! Ndani ya ile mkebe ya biskuti nilikupea Krismasi. Si nilikuambia usifungue, uniwekee tu?"

(Nilitii! Nilidhani mkebe una mambo ya wazee.) Huo mkebe uko mezani kwangu. Ndio ninaoegemezea kifaa changu kila ninaposoma.

Nikampigia Athieno. Hakuniambia kwamba ameishika simu mbele ya kipaza sauti, eti wageni wanataka kujua nimefika wapi.

"Fungua mkebe wa shangazi," nikasema.

Kifuniko kikalia. Kisha: "Baba Awori, umevuka mpaka kufuata kitu iko kwa meza yako?"

Wageni wote chini ya turubai wakaangua kicheko. Hata padri nimemsikia.

Katekista akachomeka flashi kwenye kompyuta yake, Athieno akasoma kwa niaba yangu kisa cha jogoo wa baba, aliyevuka mpaka bila ruhusa ya mtu akarudi na tetea wawili. Nimesikiliza nikiwa nimesimama kando ya malori ya mpakani, simu sikioni. Msomaji ni mke wangu, lakini kila pumziko lilikuwa la baba kabisa. Machozi yamenitoka. Watu wakacheka tena, nami sikujua wanamcheka jogoo au mimi. Baba angetucheka wote wawili.

Nyinyi msinicheke, tafadhali. Jogoo alirudi na tetea wawili. Mimi nimerudi na shangazi, na mpaka sasa hajanyamaza.