Roboti Yenye Nafasi ya Kukua

Jumatatu, tarehe 4

Binti yangu anaunda roboti! Ya kupigana! Nimewaambia wateja wote wanne waliofika leo hapa kwenye cherehani, na mmoja ambaye hakuwa mteja, alikuwa anauliza njia.

Ni mashindano ya chuo chao cha ufundi, Jumamosi. Roboti mbili zinatiwa ulingoni zigongane. Watakaofanya vizuri watafikiriwa nafasi ya mafunzo kiwandani. Wanafunzi kumi na sita, nafasi mbili. Injinia wangu anaitaka moja mpaka chakula hakimshuki. (Namwita Injinia tangu ana miaka mitano, alipoifungua redio ya baba yake. Kuifunga alishindwa, lakini kuifungua, we!)

Mchana kapita wifi yangu. Binti yake naye yumo. Eti roboti yao ina msumeno unaozunguka. Kauliza yetu ina nini. Nikamwambia wifi, utaona. Kusema kweli sijui.

Jumanne, tarehe 5

Nimemuuliza Injinia. Haina kitu! Ni bati limeinamishwa kama kabari, liingie chini ya mwenzake limpindue. Silaha iko wapi? Kasema hii ni roboti yake ya kwanza, bora itembee. Itembee! Wifi ana msumeno, sisi tunatembea.

Kanionyesha orodha ya vifaa. Mota mbili, betri, magurudumu, rimoti, na kidude cha kuziamuru mota ziende kasi gani. Kila kimoja na uzito wake. Vyote vikipimwa pamoja visizidi kilo moja na nusu, na yeye kabakiza gramu ishirini. Nimesoma mara tatu, kichwa kikazunguka kuliko huo msumeno. Nililoelewa ni moja: vyote ni vidogo.

Gramu ishirini! Miaka ishirini na sita nashona sare za shule, sijawahi kuacha upindo mwembamba hivyo. Mtoto unamshonea nguo ya mwakani, siyo ya leo. Na hilo la visizidi, hata sketi wanasema ifike magotini. Nani hupima?

Jumatano, tarehe 6

Dukani kwa muuza vipuri. Kauliza nataka mota yenye brashi au isiyo na brashi. Yenye brashi. Sinunui kitu kilichopunguzwa. Kauliza volti ngapi. Za kutosha. Kauliza ni ya kazi gani. Nikasema ya kumpiga binti wa wifi yangu.

Halafu kaleta mbili za kufutia kioo cha lori. Nilizipenda zilivyokaa mkononi, kama kuku wawili wa kuchinja. Na betri ya pikipiki. Kaniuliza kama nina hakika. Mimi! Hakika!

Ijumaa, tarehe 8

Injinia kaenda darasani asubuhi. Nikaivua roboti kwa bisibisi ya cherehani. Vya zamani nje, vipya ndani. Vilikataa kuenea. Nikavifunga juu kwa uzi wa jinzi. Waya mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, maana rangi ninazijua. Ukabaki mmoja wa manjano. Sijui ulikuwa wa nani. Nikautarizia ua.

Kisha nikaishonea mfuko mzuri wa zipu, asije akaiona kabla ya wakati. Jioni kataka kuijaribu. Nikamwambia mama yake kashaifunga, alale, apumzishe akili. Kanikumbatia. Moyo uliniuma kidogo, nadhani ni njaa.

Jumamosi, tarehe 9

Nimeibeba mwenyewe njia nzima. Bega la kulia halipo tena.

Mlangoni kuna mizani! Wanapima! Kilo tano na robo. Mwalimu kasema mama, hii ingegombana na matrekta. Injinia kafungua zipu. Kaitazama, kanitazama. Kaniuliza kwa sauti ndogo: mama, umefanya nini? Heri angenipigia kelele. Macho yalimjaa maji, nikaona kiwanda kinaondoka mbele yetu, na wifi kashika kiuno anatazama.

Mwalimu kawapa nusu saa walioshindwa mizani. Nikafungua mkoba. Fundi hatupi kipande! Vifaa vyake vyote vilikuwa humo, kwenye kopo la vifungo, hadi skrubu, nimezipanga kwa ukubwa. Kakaa sakafuni, kazikata nyuzi zangu kwa meno. Watu wametuzunguka. Mimi nashika waya, naambiwa huo siyo, mama, huo siyo, haya huo. Dakika ya ishirini na nane, mizani: gramu ishirini zimebaki, kama alivyosema.

Akapangwa na nani? Binti wa wifi! Msumeno ukalia, gurudumu letu moja likaruka. Yetu ikabaki inazunguka kwa gurudumu moja kama kuku aliyekatwa kichwa, lakini haikusimama mpaka kengele. Tumeshindwa kwa pointi. Wifi kapiga makofi kwa ncha za vidole.

Halafu wakasoma majina ya kiwandani. La binti wa wifi. Na la Injinia! Mwalimu kasema kiwandani mashine huharibika kila siku, wanamtaka wa kuitengeneza huku watu wamemsimamia. Nimelia, ila sielewi. Aliyeshindwa kapewa?

Jumapili, tarehe 10

Nimeelewa! Asingetengeneza kama isingeharibika. Na aliyeiharibu ni nani? Mimi! Nimeenda hadi kwa wifi kumweleza. Kasema ana kichwa kinamuuma.

Injinia kacheka mpaka kakaa chini, basi nikajua yamekwisha. Kaniomba nimshonee ovaroli ya kiwandani. Nimempima kifua, kiuno, mguu. Kasema mama, namba hizo hizo, nakusihi, usiongeze hata kidole. Nikamwapia.

Imekwisha jioni hii. Nzuri kama ya dukani! Miguu inamzidi kidogo tu, shibiri mbili. Ana miaka ishirini na mbili, na mtoto hukua.